Winchi ya Umeme kwa Gari ya Shamba: Mambo ya Kutazama Kabla ya Kununua



Wanachama wengi, hasa wenye mashamba katika vilima na mabonde ya Pemba, wametuuliza habari za winchi za umeme zinazofungwa mbele ya gari. Zipo za bei kubwa na zipo za bei ndogo, na anayeuza husifu zote sawa. Basi tumeona yafaa kuandika kwa utaratibu mambo ya kutazama, ili mwenye fedha chache asizitupe.

Jambo lenyewe si dogo. Mavuno makuu ya karafuu aghalabu huanza Julai au Agosti na hukutana na mvua za vuli, zinyeshazo Oktoba mpaka Disemba. Ndipo njia za udongo zinapogeuka utelezi, na ndipo gari zinapotoka shamba zimejaa. Karafuu mbichi hazingoji. Zikilala ndani ya magunia usiku kucha hupata joto na kuchacha, na zikianikwa kesho yake hukauka zikiwa nyeupe nyeupe na zimesinyaa, na kituoni hushushwa daraja. Kwa hiyo gari iliyokwama magharibi si taabu ya dereva peke yake. Ni kazi ya kutwa nzima inayoharibika.

Winchi ni ngoma ya chuma inayozungushwa na mota kwa njia ya gia, ikakunja waya na kuvuta. Mabaharia wetu waijua kazi hii kwa duara ya jahazi. Tofauti ni kuwa hapa nguvu hutoka katika betri ya gari, wala si katika mikono ya watu.

Kwanza, nguvu

Nguvu ya winchi huandikwa kwa ratili. Zinazouzwa sana kwa gari ndogo ni za ratili 9,500, yaani kama kilo 4,300, na za ratili 12,000, yaani kama kilo 5,440. Kanuni inayofuatwa na wengi ni kuchukua uzito wa gari pamoja na mzigo, kisha kuuzidisha mara moja na nusu. Tuseme gari tupu ina kilo 2,000, na ndani yake mna magunia 20 ya kilo 50. Jumla ni kilo 3,000. Mara moja na nusu ni kilo 4,500. Hapo winchi ya ratili 9,500 imepungukiwa kidogo, na ya 12,000 yatosha. Lakini magunia yakishushwa kwanza, hesabu inakuwa kilo 3,000 tu, na ile ndogo yatosha kwa ziada. Basi mwenye fedha chache ajue kuwa mabega ya watu wanne kwa robo saa yaweza kuokoa tofauti ya bei.

Tena kuna tope na tope. Vitabu vya jeshi la Marekani vya kazi ya kukwamua magari hueleza kuwa gari iliyozama kwa kina cha magurudumu hutaka mvuto ulio sawa na uzito wake wote, na iliyozama mpaka madigadi hutaka mara mbili. Gari yetu yenye mzigo, ikizama hivyo, yataka kilo 6,000, na hakuna hata moja katika winchi hizi mbili iwezayo kuivuta kwa waya mmoja.

Na namba iliyoandikwa ni kweli kwa mzunguko wa chini kabisa wa waya katika ngoma. Kila tabaka linaloongezeka juu yake hupunguza nguvu kwa sehemu moja katika kumi au zaidi, na ngoma ikiwa imejaa, nguvu hupungua kama theluthi moja. Kwa hiyo ni bora kufunga waya katika mti wa mbali na kuufungua mwingi, ila mizunguko mitano ya mwisho isitoke katika ngoma kamwe. Njia nyingine ni kutumia kapi. Waya ukipita katika kapi lililofungwa mtini, kisha ukarudi kufungwa katika gari, mvuto huwa karibu mara mbili na mwendo huwa nusu. Kapi zuri lenye winchi ndogo ni bora kuliko winchi kubwa bila kapi.

Pili, umeme

Tazama kwanza gari yako ni ya volti 12 au 24, kwani gari ndogo nyingi ni za 12 na malori mengi ni ya 24. Winchi ya ratili 9,500 ikivuta kwa nguvu zake zote yaweza kula ampea 400, na alternata ya gari ndogo aghalabu hutoa kati ya 60 na 100. Zilizobaki hutoka katika betri. Betri iliyochoka haina kazi hapa. Badili betri kabla hujanunua winchi. Wakati wa kuvuta, injini iwe inazunguka, na uvute kwa chini ya dakika moja, kisha upumzike mpaka mota ishikike kwa mkono.

Winchi za bei ndogo nyingine zina mota ya sumaku za kudumu. Hiyo hula umeme mchache, lakini hupata joto upesi. Ile yenye koili badala ya sumaku hustahimili kazi ndefu. Tazama pia waya za betri: za shaba tupu ni nzuri, na za aluminiamu iliyopakwa shaba hupata joto zikiwa nyembamba.

Tatu, waya au kamba

Waya wa chuma ni rahisi na hustahimili mchanga na mawe, lakini hushika kutu upesi katika hewa yetu ya chumvi, na nyuzi zake zikikatika hukata mikono. Vaa glavu za ngozi. Kamba za nyuzi bandia ni nyepesi, na zikikatika hazirushi kama chuma. Adui zake ni jua, mchanga na mawe ya matumbawe yenye makali. Mwenye kununua kamba aioshe kila baada ya kazi na kuifunika.

Nne, maji

Tafuta alama ya IP67. Maana yake vumbi haliingii, na chombo chaweza kuzama katika maji ya mita moja kwa nusu saa. Isipokuwapo alama, ufunge kisanduku cha swichi mahali pakavu. Na kila mwezi izungushe winchi kidogo, hata kama hakuna kazi, kwani isiyotumika ndiyo inayoganda kwa kutu. Winchi yenyewe ifungwe katika chesi. Bampa la bati litang'oka na kubaki mtini.

Mkarafuu si nguzo

Hapa twasema kwa mkazo. Waya ukizungushwa katika mkarafuu huchubua gome, na mti uliochubuliwa pande zote hufa. Mizizi yake mingi iko karibu na uso wa ardhi, na katika udongo wa mvua mti waweza kulegea. Mkarafuu mpya hukaa miaka kama sita hadi minane kabla ya kuanza kuzaa. Hakuna gari yenye thamani ya hasara hiyo kila msimu. Tumia mwembe mkubwa, ukifunga chini kabisa kwa ukanda mpana. Kama hapana mti, chimba shimo, lala gogo au gurudumu la akiba humo na ufukie.

Na watu wakae mbali kuliko urefu wa waya uliofunguliwa. Asivuke mtu juu yake, na vijana wote washuke garini. Weka gunia lililolowa katikati ya waya, ili ukikatika usiruke.

Njia ya wenye fedha chache

Kidole kimoja hakivunji chawa. Wenye mashamba kumi wanaotumia njia moja hawahitaji winchi kumi. Gari moja yenye winchi nzuri, kapi na ukanda yawatosha, na wachangie betri. Mwenye gari inayokwama mara mbili kwa msimu na aanze kwa winchi ya mkono ya kuvuta kwa wenzo: ni ya polepole, lakini haitaki betri, na yaweza kuvuta nyuma na ubavuni pia.

Twawatakia mavuno mema na njia kavu.