Iache SysMain, Kagua Diski

“Nizime huduma zipi ili kompyuta yangu iwe nyepesi?” Swali hili limeulizwa mpaka limechosha, na anayeuliza huja na orodha tayari mkononi: zima SysMain, zima Windows Search, zima Print Spooler, zima Windows Update, na nyingine thelathini. Wengine hata jibu hawalisubiri. Wameshapakua faili la amri la mtu wasiyemjua, wakalipa mamlaka yote juu ya mashine, kisha wanashangaa kwa nini sauti imepotea na Wi-Fi haioni mtandao hata mmoja. Jibu ni fupi na halipendwi: karibu hakuna. Kwenye kompyuta ya nyumbani, huduma zilizokuja na Windows yenyewe si mzigo, na kuzizima hakukupi kasi utakayoihisi.

Orodha hizo zina umri. Zilivuma zama za Windows XP, iliyotoka mwaka 2001, ambapo Microsoft yenyewe iliridhia mashine yenye RAM ya megabaiti 64 tu. Katika nafasi finyu kiasi hicho, huduma iliyokalia megabaiti tatu bila kazi iliinyima nafasi programu yenye kazi, na aliyeizima aliona tofauti. Leo kiwango cha chini cha Windows 11 ni gigabaiti 4, ilhali huduma iliyotulia bado hukalia megabaiti chache, nazo Windows huzihamishia diskini ikibanwa. Kwa upande wa prosesa hakuna hata cha kujadili. Huduma isiyo na kazi ni kibarua aliyeketi kijiweni akingoja kuitwa. Hagusi ujira wa mtu. Fungua Task Manager kwa Ctrl, Shift na Esc, panga orodha kwa matumizi ya prosesa, uone safu ndefu ya sifuri. Isitoshe, tangu Windows 7 ya mwaka 2009 huduma nyingi huamshwa pale tu zinapohitajika, kama vile unapochomeka kifaa, kisha hujizima zenyewe. Sehemu kubwa ya unachojisifu kukizima kilikuwa kimezimika tayari. Kinachotisha watu ni kuona svchost.exe, programu inayobeba huduma hizo, imejirudia mara hamsini na zaidi, wakadhani ni virusi. Ni mpangilio tu. Tangu toleo la 1703 la Windows 10, mwaka 2017, kompyuta yenye RAM ya zaidi ya gigabaiti 3.5 huipa karibu kila huduma chumba chake, ambako awali zilirundikwa pamoja, ili moja ikianguka isiangushe wenzake. Huduma hazikuongezeka kwa sababu hiyo. Kilichoongezeka ni mistari kwenye skrini.

Inayosingiziwa kuliko zote ni SysMain, ile iliyoingia na Windows Vista kwa jina la Superfetch. Kazi yake ni kujifunza programu unazozipenda na kuziweka tayari kwenye RAM isiyotumika. Sasa chukua laptopu ya mtumba kama zilizojaa madukani kwetu: RAM gigabaiti 4, diski ngumu ya kuzunguka. Washa, fungua Task Manager, na safu ya diski inasoma asilimia 100 kwa rangi nyekundu, SysMain ikiwa miongoni mwa majina ya juu. Mshitakiwa amepatikana, hukumu imetoka. Lakini tazama namba iliyo pembeni, ya kasi: mara nyingi ni megabaiti moja kwa sekunde, au pungufu. Asilimia 100 haisemi kwamba kinasomwa kingi. Inasema diski haikupata hata kitambo cha kupumzika. Diski ya mizunguko 5,400 kwa dakika ikiombwa vipande vidogo vilivyotawanyika, kwa kila kipande lazima mkono wake usogee na sahani izunguke mpaka mahali pake pafike. Kusubiri mzunguko peke yake ni wastani wa milisekunde 5.6, na ukijumlisha kusogea kwa mkono unapata vipande 60 hadi 80 kwa sekunde. Vipande vya kilobaiti 4 kwa hesabu hiyo havifikishi hata nusu megabaiti. SSD ya bei ndogo kabisa husoma maelfu ya vipande hivyo katika sekunde hiyo hiyo. Ukiizima SysMain, foleni itapungua kidogo asubuhi, kisha kivinjari chenye vichupo ishirini kitaijaza RAM, Windows itaanza kuhamishia kurasa diskini, na asilimia 100 itarudi ikiwa na jina jingine juu yake. Ndiyo maana watu hao hao hurudi baada ya wiki kuuliza waizime huduma gani ya pili.

“Mbona nilipozizima kompyuta ilikimbia?” Hoja hii ina ushahidi wa macho, kwa hiyo inastahili jibu. Ulizima huduma, kisha ukafanya nini? Uliiwasha upya, kama maelekezo yalivyosema. Hiyo ndiyo dawa. Tangu Windows 8, mwaka 2012, kwenye mashine nyingi kubonyeza “Shut down” hakuzimi kila kitu: kiini cha mfumo, pamoja na huduma zenyewe, huhifadhiwa diskini na kurudishwa vilevile kesho yake ili mashine iwahi kuwaka. “Restart” ndiyo inayoanza upya kweli. Nenda kwenye ukurasa wa prosesa ndani ya Task Manager usome muda wa kuwaka. Mtu anayezima laptopu yake kila usiku anaweza kukuta imekuwa hewani siku ishirini. Aliyeshukuru orodha alipaswa kushukuru kitufe kimoja.

Kisha kuna madhara, na hapa uvumilivu unaisha. Kuzima Windows Update ndiko ushauri wa hatari kuliko wote. Kiraka cha tundu lililotumiwa na programu hasidi ya WannaCry kilitolewa Machi 2017. Shambulio lilikuja Mei, likazikuta mashine ambazo hazikukipokea, zikiwemo za hospitali za umma za Uingereza. Najua pingamizi: masasisho yanakula bando. Ni kweli, na kwa anayetumia intaneti ya simu ni hela inayoyeyuka. Lakini dawa yake iko kwenye mipangilio: uweke mtandao huo kuwa wa kulipia kwa kipimo, na Windows itaacha kupakua masasisho mengi mpaka uamue. Zima pia ile ruhusa ya kugawana masasisho na kompyuta nyingine, maana inaweza kupakia data kwa bando lako. Print Spooler nayo inaweza kuzimwa na asiye na printa, hasa baada ya udhaifu wa PrintNightmare wa mwaka 2021, ila hiyo ni sababu ya usalama. Kasi haitaongezeka. Na programu za “kusafisha RAM” sizipi nafasi zaidi ya sentensi hii: zinafukuza kwenye kumbukumbu vitu ambavyo diski italazimika kuvisoma tena.

Kinachofanya kazi ni hiki. Anza na orodha ya Startup ndani ya Task Manager: zima programu za mikutano, za muziki, za michezo na zile za kampuni ya printa, zote zinazojiwasha bila kuombwa. Kizuie kivinjari kuendelea chinichini ukishakifunga. Ondoa antivairasi ya pili, maana mbili hugombana. Ukitaka lazima kugusa huduma, endesha msconfig, weka alama ya kuficha zile za Microsoft, kisha ushughulike na zilizobaki, moja moja, ukiandika ulichozima. Acha gigabaiti kadhaa wazi diskini. Baada ya hapo toa pesa: SSD kwanza, RAM ifike gigabaiti 8 baadaye. Kabla ya kulipa, mwambie fundi aifungue mashine aone kama inachukua SATA ya inchi 2.5 au M.2, na kama RAM yake haijachomelewa kwenye bodi; na mafaili yako yanakiliwe pengine kabla bisibisi haijagusa skrubu ya kwanza.