Samaki wakipanda juu alfajiri, tuangalie maji kabla ya kumtaja jirani

Katika vikundi vyetu vyenye mabwawa ya tilapia kuna maneno yanayorudi kila mwaka: "Wametutilia sumu." Mama anafika asubuhi na pumba zake, anakuta samaki ishirini wanaelea tumbo juu. Kabla ya saa sita jina la mtu limekwisha kutajwa. Ni jirani asiyepata zamu yake ya likelemba, au mke mwenza, au kijana aliyefukuzwa kwa kuvua usiku. Tumeona vikundi vikivunjika hivyo, kando ya bwawa la are moja. Na mara nyingi hakuna mtu aliyegusa kitu. Ni maji yaliyokuwa yanaumwa.

Sumu ipo, tutaisema mbele. Lakini kabla ya kumshitaki mtu, tuulize maswali mawili: samaki wamekufa saa ngapi, na wamekufa wakubwa au wadogo?

Samaki anapumua hewa iliyomo ndani ya maji, ile wataalamu wanayoiita oksijeni. Mchana, uoto mdogo sana unaoyapa maji rangi ya kijani hutengeneza hewa hiyo kwa msaada wa jua. Usiku hautengenezi kitu, nao unapumua kama samaki, na samadi inayooza chini inakula hewa vilevile. Kwa hiyo hewa inapungua saa baada ya saa, na saa mbaya kuliko zote ni kabla ya jua kutoka. Ndiyo sababu saa kumi na moja alfajiri unakuta samaki wote wamepanda juu, wamefungua vinywa, wanahema kama mtu aliyepanda mlima na mzigo kichwani. Samaki mkubwa anahitaji hewa nyingi, kwa hiyo yeye ndiye anayetangulia kufa. Ukikuta wakubwa wamekufa alfajiri na wadogo bado wanaogelea, bwawa limekosa hewa.

Hapa ndipo wengi wanadanganyika. Jua likipanda, kufikia saa nne asubuhi, samaki waliobaki wanashuka chini, maji yanatulia, mama anasema asante Mungu, imekwisha. Haijakwisha. Kesho alfajiri itarudi, na siku ya mawingu itarudi kwa nguvu zaidi, maana bila jua hewa haikutengenezwa ya kutosha mchana. Mvua kubwa baada ya siku za joto nayo inaweza kuyageuza maji, yale ya chini yaliyochacha yakapanda juu, samaki wakahema hata mchana.

Ukiwakuta wanahema, usirudi nyumbani kutafuta dawa. Fungua mfereji maji mapya yaingie, na yaingie kwa kuanguka: weka kipande cha mwanzi au ubao ili yadondoke kutoka juu na kupiga jiwe. Maji yanayorukaruka yanabeba hewa. Kama bwawa lina bomba la chini, toa maji ya chini wakati mapya yanaingia. Kama mfereji umekauka, waiteni watoto na majirani (ndiyo, hata yule mnayemshuku) na mabeseni: chota, inua juu, mwaga, tena na tena mpaka jua litoke. Msiingie ndani kukanyaga matope, maana mtaamsha uozo wote. Samadi iliyo katika kizuizi cha miti pembeni mwa bwawa itolewe siku ileile. Chakula kisimame siku mbili au tatu. Samaki hatakufa njaa, na bwawa la kijani lina chakula chake. Na kama kuna wakubwa wa kuuza, wavueni wakiwa hai mchana, hewa ikiwa imerudi. Ni afadhali kuuza nusu leo kuliko kuzika wote kesho.

Kipimo tunachopenda hakiuzwi dukani. Simama kwenye ukingo saa ya jua, nyoosha mkono, zamisha kiganja polepole huku ukikiangalia. Kikipotea kabla maji hayajafika kwenye kiwiko, maji yana kijani kupita kiasi: acha samadi, punguza chakula, ingiza maji mapya. Kikipotea maji yanapofika kiwikoni, bwawa liko sawa. Ukiona vidole vizuri hata maji yakipita kiwiko, samaki hawana chakula cha kutosha, ongeza samadi kidogo. Lakini kama rangi ni ya udongo kutokana na mvua, kipimo hiki hakisemi kitu. Ngoja udongo utulie.

Ufugaji wa tilapia si jambo la jana kwetu Kongo. Wakati wa Wabelgiji tayari kulikuwa na kituo cha samaki Kipopo, karibu na Lubumbashi ya leo. Ni ajabu kwamba mpaka sasa mama anapewa samaki wachanga bila mtu kumwonyesha kipimo cha kiwiko. Wanamwambia idadi, wawili kwa kila mita ya mraba, yaani mia mbili kwa are, wanaondoka. Naye kwa moyo mzuri anatupa sombe, matembele, mabaki ya bukari, samadi ya kuku, akidhani kingi ndicho kizuri. Kinachobaki bila kuliwa kinaoza, na kinachooza kinakula hewa. Tupa kidogo, tazama, na wakiacha kukimbilia, simama. Tena lisha jua likiwa limepanda, si alfajiri.

Sumu sasa. Ikiingia, haingoji alfajiri: samaki wanaweza kufa saa yoyote, na wadogo hawasalimiki. Utaona hata vyura na wadudu wa majini wamekufa. Mwingine anazunguka kama mlevi kabla ya kulala ubavu. Hata hapo, adui si lazima awe na nia mbaya. Kuna anayeosha pompa ya dawa ya nyanya katika mfereji wa juu. Kuna mtupa uliopandwa kando ya shamba kwa faida ya udongo, ambao majani yake wavuvi waliyatwanga tangu zamani ili kulevya samaki mtoni. Panda na mfereji mpaka mwanzo wake, uone. Samaki wa namna hiyo wasiliwe wala wasiuzwe, wazikwe mbali na maji. Na asiyejua samaki wake wamekufa kwa nini, naye asimpe mtoto.

Sisi wa milimani, kama Bukavu, tuna jambo moja zaidi, nalo ni baridi. Tilapia ni samaki wa joto. Maji yakishuka chini ya digrii 20 hivi anakula kidogo na hakui vizuri, na chakula unachomtupia kinageuka uozo. Msimu wa baridi punguza chakula, na maji mapya yasiingie usiku kucha bila sababu, yanapoza bwawa.

Ugonjwa wenyewe tunaouona mara nyingi ni ule wa manyoya meupe kama pamba juu ya ngozi. Unawapata samaki waliokwaruzwa na wavu au na mikono mikavu, hasa wakati wa baridi. Huyo mtenge. Katika beseni la maji ya bwawa lita 20 yeyusha chumvi gramu 200, mweke dakika kumi ukimwangalia, na akianza kulala ubavu mtoe mara moja. Lowanisha mikono kabla ya kumshika. Usimwage chumvi bwawani, ni kupoteza faranga.

Kwa vikundi vyenye bwawa la pamoja tunashauri zamu ya alfajiri, mama mmoja kila siku, na daftari ndogo: saa aliyofika, samaki wako juu au chini, kiganja kilipotea wapi mchana uliopita, mvua ilinyesha au hapana, nani alilisha na kiasi gani. Siku samaki wakifa, daftari hiyo ifunguliwe kwanza mbele ya wote, kabla ya mtu yeyote kusimama kusema jina.