Mbwa mlinzi anapopata saratani isiyotibika

WAFUGAJI wengi humkumbuka mbwa siku mwizi anapoingia bandani. Amelinda kuku na ng'ombe kwa miaka minane au kumi, kisha siku moja anaonekana na uvimbe. Hapo maneno huanza: huyu anasema aachwe afe mwenyewe, yule anatafuta sumu.

Usikimbilie lolote kati ya hayo. Kwanza ujue ni uvimbe gani. Upo unaoambukizwa mbwa wanapopandana, ambao huota sehemu za siri, una umbo la koliflawa na hutoa damu. Unatisha kuutazama, lakini katika saratani za mbwa huu una nafuu: sindano za vinkristini mara moja kwa wiki, kwa kawaida wiki nne hadi sita, huwaponya mbwa wengi. Kumuua mbwa wa namna hii kabla daktari hajamwona ni hasara ya bure.

Hali ni nyingine saratani ya matiti inapofika mapafuni, au ya mfupa inapoushika mguu wa mbwa mkubwa. Kuukata mguu huondoa maumivu, lakini mara nyingi ugonjwa huwa umekwisha kusambaa, na bila dawa zaidi wengi hufa baada ya miezi michache. Muulize daktari wa mifugo waziwazi: tiba ni shilingi ngapi, itaongeza muda gani, na mbwa ataishije muda huo? Si aibu kuuliza bei. Fedha ya pumba hutoka mfuko huo huo.

Hesabu siku zake

Kinachowashinda wengi ni kuamua lini. Mbwa mwenye maumivu si lazima alie. Je, anakula? Anasimama mwenyewe kwenda haja? Anahema kwa shida hata akiwa amelala? Kila jioni weka alama kwenye kalenda, siku njema au mbaya. Mbaya zikianza kuzidi, mwite daktari.

Mimi nilichelewa. Jike langu lilitikisa mkia hadi wiki ya mwisho, nikajidanganya kwamba lina nafuu. Usiku wa mwisho lilihema hadi alfajiri, na daktari hakupatikana.

Wakati wa kungoja, dawa ya maumivu itoke kwa daktari. Diklofenaki na ibuprofeni tunazomeza sisi huweza kumtoboa mbwa tumbo na kuharibu figo zake.

Sumu ya panya au dawa ya kupulizia mazao ndani ya nyama ni mateso, na inaweza kumfikia mbwa wa jirani. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayokataza kumtesa mnyama. Daktari humtuliza mbwa kwanza, kisha humchoma kwenye mshipa dawa ya usingizi kwa kipimo kikubwa. Hupoteza fahamu kwa sekunde chache, na moyo husimama ndani ya dakika chache. Kaa naye, anaifahamu sauti yako.

Mzoga usitupwe jalalani. Dawa hiyo hubaki mwilini, na mbwa au tai atakayeula anaweza kufa. Uzikwe chini sana, mbali na kisima, na shimo lichimbwe kabla daktari hajafika.