Kivinjari na Amana ya Siri Zetu

Katika majira ya maombi ya mikopo ya elimu ya juu, na vilevile pale nafasi za kazi serikalini zinapotangazwa, maduka ya stesheneri ya miji yetu hujaa vijana na wazazi wao tangu asubuhi, kila mmoja na bahasha yake ya vyeti mkononi, akingoja zamu mbele ya kompyuta ambayo watu wengi wameitumia kabla yake na wengi wataitumia baada yake. Katika kompyuta hiyo programu yenye kazi kubwa kuliko zote ni kivinjari, yaani Chrome, Firefox, Edge na jamaa zao, ambayo ndiyo hutufungulia tovuti na kupeleka huko majibu yetu. Jina la mtu, namba yake ya kitambulisho cha taifa, nenosiri lake, namba ya simu na pengine ya akaunti ya benki, vyote hupita humo. Na ingawa hayo ni mambo ambayo hakuna mtu mwenye akili timamu awezaye kumtajia mpita njia, aghalabu huandikwa katika kisanduku cha kwanza kinachojitokeza kwenye kioo, bila ya mwandikaji kutupa jicho juu ya ukurasa akatazama ni nani hasa anayemwuliza.

Mtu huyo ndiye ninayemwandikia. Hakusomea kompyuta, wala haimlazimu kuisomea ili asalimike. Lililo faradhi kwake ni kujua kusoma anwani, na mengine machache yanayolifuata hilo.

Anwani ni ule mstari wa maandishi ulio juu kabisa ya ukurasa, na japokuwa macho yetu yamezoea kwenda kutoka kushoto kuelekea kulia, mwenye tovuti hutambulikana kwa mwendo wa kinyume. Iache ile mikwaju miwili inayofuata https, utafute mkwaju mmoja unaokuja baada yake, au mwisho wa anwani ikiwa mkwaju huo haupo, kisha urudi nyuma nukta kwa nukta. Maneno mawili au matatu utakayoyakuta kwanza ndiyo jina la mmiliki. Tovuti za serikali ya Tanzania huishia kwa go.tz, za Kenya kwa go.ke, na miisho hiyo hapewi mtu binafsi hata akiwa na fedha za kuilipia. Laghai anayefahamu kwamba watu husoma mwanzo wa anwani na kukoma hapo hutengeneza, mathalani, idara.go.tz.jinalolote.com, na msomaji mwenye haraka akishaiona go.tz moyo humtulia, ilhali mwenye tovuti ile ni jinalolote.com, na yote yaliyotangulia ni mapambo aliyoyapachika bila ya kuhitaji idhini ya mtu. Kwenye simu hadhari huzidi kuhitajika, kwa kuwa kioo ni chembamba na huenda kikaonyesha kipande tu cha anwani. Iguse, ipate kuonekana yote, ndipo uisome.

Zipo hila nyembamba zaidi. Herufi l na tarakimu 1 hufanana, r na n zikikaribiana huonekana kama m, na mwaka 2017 mtaalamu Xudong Zheng alionyesha hadharani kwamba jina la kampuni ya Apple laweza kuandikwa kwa herufi za Kisirili zinazolandana kabisa na zetu, hata vivinjari vya Chrome na Firefox vikalionyesha bila ya tofauti ya kuonwa na jicho la binadamu. Chrome ilirekebishwa upesi, lakini tukio lile lilithibitisha kwamba jicho peke yake halitoshi, na ndiyo sababu nashauri tovuti muhimu ziandikwe kwa mkono wa mtumiaji mwenyewe, au zihifadhiwe katika alamisho za kivinjari, zisifunguliwe kwa kubofya kiungo kilichotumwa na mtu kwa WhatsApp.

Wengi watauliza habari ya ile alama ya kufuli iliyozoeleka kando ya anwani. Tangu katikati ya miaka ya 1990, kampuni ya Netscape ilipoanzisha njia ya kusimba mawasiliano kati ya kivinjari na tovuti, watu walifundishwa kwamba penye alama ya kufuli pana amani, na mafundisho hayo yamekaa vichwani hata leo, hali yakiwa yamepitwa na wakati. Kufuli ni kama bahasha iliyofungwa kwa lakiri: humzuia tarishi asisome barua njiani, lakini haitoi dhamana yoyote juu ya tabia ya atakayeipokea. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2015 vyeti vya usimbaji, ambavyo ndivyo huipa tovuti kufuli hilo, hutolewa bure na taasisi ya Let's Encrypt, jambo lililouletea umma manufaa makubwa. Na kwa kuwa hutolewa kwa kila mwenye tovuti, laghai naye hujichukulia chake kwa dakika chache. Mwaka 2023 Google iliiondoa alama ya kufuli katika Chrome ya kompyuta kwa sababu hiyo hiyo, kwamba watu waliifahamu vibaya. Basi tovuti isiyo na https mwanzoni mwa anwani yake usiipe siri yako kabisa, na iliyo nayo usiipe mpaka uwe umemsoma mmiliki wake.

Cheti kikiwa na kasoro, kivinjari husimama na kuonya kwamba muunganisho si wa faragha. Onyo hilo lastahili kuheshimiwa. Mwaka 2011 wadukuzi waliingia katika kampuni ya DigiNotar ya Uholanzi, iliyokuwa na mamlaka ya kutoa vyeti, wakajitengenezea vyeti vya uongo, kimojawapo cha Google, ambacho kilitumika kuwapeleleza watu wa Iran waliodhani wanasoma barua zao kwa siri; vivinjari vyote vikubwa viliacha kuiamini kampuni hiyo, nayo ikafilisika mwaka ule ule. Lakini katika maduka yetu lipo jambo dogo linaloiharibu heshima ya onyo. Betri ya duara iliyomo ndani ya kompyuta kuukuu ikifa, saa ya mashine hurudi miaka mingi nyuma kila inapokatiwa umeme, na kivinjari, kikipima vyeti kwa tarehe hiyo ya uongo, huziona tovuti zote kuwa hazifai. Mhudumu, kwa kutaka kazi iende, hubofya kuendelea hivyo hivyo, leo na kesho na keshokutwa, mpaka mkono wake unazoea kulipuuza onyo hata siku litakapokuwa la kweli. Dawa yake ni kusahihisha tarehe na kununua betri mpya, ambayo bei yake ni ndogo mno ikilinganishwa na hasara inayoweza kuzuilika.

Kuhusu nenosiri, kivinjari huuliza kama kikuhifadhie. Kwenye kompyuta ya watu jibu ni hapana, daima. Kwenye kompyuta au simu yako mwenyewe, iliyofungwa kwa namba ya siri, jibu laweza kuwa ndiyo, na humo mna faida ambayo wengi hawaijui: kivinjari hulikumbuka nenosiri pamoja na anwani yake, na hakidanganyiki kwa nakshi wala rangi za ukurasa. Ukifika mahali panapofanana na benki yako, ukaona kivinjari hakikuletei nenosiri ambalo kimezoea kukuletea, acha kuandika, uisome anwani upya, kwani yamkini uko kwingine kabisa.

Vidirisha vinavyoomba ruhusa ya kukutumia arifa navyo vimewatesa wengi. Aliyebofya kuruhusu ili aone habari au mpira huanza kuletewa maonyo ya virusi ambavyo havipo, pamoja na namba ya kupiga au programu ya kupakua. Azuie ruhusa hiyo katika mipangilio ya kivinjari, asipige simu, asipakue kitu.

Lililobaki ni kusasisha. Najua kwamba bando lina gharama na kwamba wengi huzima masasisho ili wabane matumizi, wala siwalaumu; ila nasema kwa yakini kwamba katika matumizi yote ya bando, ya kusasisha ndiyo ya mwisho kukatwa, kwa maana kila sasisho la kivinjari aghalabu huziba matundu ambayo wadukuzi wamekwisha kuyajua. Mashine zenye Windows 7, ambazo bado zinahudumia watu katika maduka mengi, zilikomea toleo la 109 la Chrome, lililotoka Januari 2023, na matundu ya toleo hilo yanayogunduliwa sasa hubaki wazi ndani yake. Ya benki na ya kitambulisho yasifanyiwe humo.

Nanyi wenye maduka ya stesheneri, amana za watu zimo mikononi mwenu kuliko mnavyofikiri. Nawaomba mzime kabisa, katika mipangilio ya kivinjari, lile swali la kuhifadhi nenosiri, na kila mteja mumfungulie dirisha la mgeni lililomo katika Chrome, ambalo likifungwa halibakizi historia, kuki wala akaunti iliyosahauliwa wazi. Na mafaili ya vyeti yaliyopakuliwa au kuskaniwa kwa ajili yake, ambayo dirisha hilo haliyagusi, myafute mbele ya macho yake kabla hajalipa na kuondoka.