Sheria Imekataza Mkono

Biashara ya vitenge hunitoa Arua kila wiki kwenda Koboko, na kiti ninachokipenda kwenye teksi ni cha mbele. Hapo naona simu zote za dereva. Zamani, njia ilipokuwa ya vumbi, mashimo yalimtaka mikono yote miwili. Kisha zikaja fedha za Benki ya Dunia, lami ikatandikwa kutoka Vurra mpakani mwa Congo hadi Oraba mpakani mwa Sudan Kusini, kilomita 92, na mkono mmoja ukapata nafasi.

Sheria ya Uganda haina mafumbo: anayeendesha asishike simu. Ruhusa imebaki kwa kifaa kisichoshikwa, na watu wa bodaboda wameipanua ruhusa hiyo kwa ufundi wao. Simu huchomekwa ndani ya helmeti, ikabanwa shavuni, mikono ikabaki kwenye usukani. "Mama, sheria imekataza mkono, haikukataza sikio," aliniambia mmoja wao. Nilicheka, lakini Shirika la Afya Duniani halicheki: anayetumia simu akiendesha, uwezekano wake wa kupata ajali ni takriban mara nne ya ule wa mwenzake asiyeitumia, na kifaa kisichoshikwa hakimwokoi sana, maana akili ndiyo iliyokwenda kwingine. Gari la kilomita 80 kwa saa hula mita 22 kila sekunde. Soma ujumbe kwa sekunde tano, umepita zaidi ya mita 100 hujui umepita nini. Na huku kwetu kuna mbuzi, watoto wa shule, na wageni kutoka Congo na Sudan Kusini waliozoea kushika kulia ilhali sisi tunashika kushoto.

Trafiki humwandikia faini dereva. Wapigaji je? Wengi ni sisi wateja, tunaotaka kujua mzigo umefika wapi, na tusipojibiwa tunapiga tena na tena. Kwetu sisi hakuna faini.

Siku hizi simu ya dereva naipokea mimi. Juzi, tukiwa Maracha, ikalia.

"Wewe ni nani?" mwanamke akauliza.

"Abiria tu, dada. Anaendesha."

"Abiria gani anapokea simu ya mume wangu?"

Dereva akaegesha gari upesi, akashuka, akaongea naye huku amesimama kwenye majani, abiria wote tukimsubiri. Sijawahi kumwona akiitii sheria namna ile.