Virusi ni Nini, na Surua Humwingiaje Mtoto?

Leo tunazungumza kuhusu virusi. Jina hili tunalisikia kila siku: virusi vya Ukimwi, virusi vya korona, virusi vya mafua. Lakini virusi ni nini hasa? Ukielewa jambo hili, utajua kwa nini antibiotiki haiponyi surua, ambayo wengi wetu tunaiita ukambi, na kwa nini chanjo haifai kungojea.

Virusi ni vidogo mno. Huvioni kwa macho wala kwa hadubini ya kawaida ya maabara. Ukivipanga virusi vya surua kwenye mstari, utahitaji maelfu kadhaa ili ufikishe urefu wa milimita moja. Tena, virusi si sawa na bakteria. Bakteria hula, hukua na hugawanyika wenyewe. Kirusi hakili, hakipumui, hakikui. Ni maagizo tu yaliyofungwa ndani ya ganda, na nje ya kiumbe hai hakiwezi kuzaana.

Sasa kinaongezekaje? Mwili wa mtoto wako umejengwa kwa seli nyingi ndogo. Fikiria kila seli ni duka la fundi wa nguo. Ndani mna cherehani, uzi na kitambaa, na fundi anashona sare za wanafunzi. Anaingia mtu ambaye hana chochote ila karatasi ya vipimo. Anamwekea fundi karatasi ile, na fundi anaacha sare na kushona nguo za mgeni. Anashona mamia, mpaka kitambaa kinaisha na duka linaharibika. Kisha kila nguo inatoka na karatasi yake, inaenda duka la jirani. Hivyo ndivyo kirusi kinavyofanya: huzitumia seli za mtoto kutengeneza virusi vingine.

Lakini hakiingii kila duka. Kila kirusi kina ufunguo wake, na ufunguo huo hufungua milango fulani tu. Ndiyo maana kideri huua kuku wote bomani, lakini wewe mwenye kuku hufi. Batobato hukunja majani ya muhogo, lakini haimdhuru anayeulima. Vingine vina ufunguo wa milango mingi, kama virusi vya kichaa cha mbwa, ambavyo hutoka kwa mbwa vikamwingia mtu.

Surua hupita hewani. Mgonjwa akikohoa chumbani na kuondoka, virusi vinaweza kubaki katika hewa ile hadi saa mbili. Kati ya watu 10 wasio na kinga walio karibu naye, 9 huambukizwa. Mtoto akivivuta, huingia kwanza kwenye seli za kinga, wale walinzi wa mwili wenyewe. Baada ya siku 10 hivi huanza homa kali, kikohozi, makamasi na macho mekundu. Siku chache baadaye upele hutokea usoni na kushuka mwilini. Jihadhari: mtoto huanza kuwaambukiza wenzake siku 4 kabla ya upele kuonekana.

Kwa kuwa walinzi wameshambuliwa, magonjwa mengine hupata nafasi: nimonia, kuhara, maumivu ya masikio, hata upofu. Mara nyingi hayo ndiyo yanayoua.

Wengi hukimbilia duka la dawa kununua antibiotiki, au humpa mtoto zilizobaki za ndugu yake. Mama, antibiotiki hushambulia vitu ambavyo bakteria wanavyo, kama ukuta wao. Kirusi hakina ukuta huo. Mhudumu wa afya anaweza kumpa mtoto mwenye surua antibiotiki, lakini ni kwa ajili ya nimonia au sikio lililoingiwa na bakteria. Uamuzi huo mwachie yeye.

Mtoto akipata dalili hizo, mpeleke kituo cha afya mapema, na ukifika mlangoni sema unashuku surua ili atengwe na wengine. Atapewa vitamini A siku mbili mfululizo, kulingana na umri wake. Inalinda macho na kupunguza hatari ya kifo. Nyumbani mnyonyeshe, mpe maji na chakula kidogo kidogo mara nyingi, na umsafishe macho kwa maji safi. Usimnyime chakula wala kuoga kwa sababu ya upele. Usitie dawa za mitishamba machoni. Akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipumua kwa kasi, akipata degedege, akilegea sana au macho yakifanya ukungu, usingoje kuche. Mrudishe kituoni mara moja.

Kinga ya kweli ni chanjo. Ndani yake mna virusi vya surua vilivyodhoofishwa, ili mwili uvijue mapema na kuandaa walinzi. Nchini Kenya hutolewa mtoto akifika miezi 9, na tena miezi 18. Kwa nini mara mbili? Dozi ya miezi 9 hukinga watoto wapatao 85 kati ya 100. Ya pili huwafikia wengi wa wale waliobaki. Akina mama wengi huja kwa ya kwanza, kisha mtoto akianza kutembea kliniki husahaulika. Fungua kijitabu chake leo, utazame dozi ya miezi 18. Kama imepita, bado unaweza kumpeleka.

Na usifikiri virusi haviwezi kushindwa. Wazee wanaikumbuka sotoka iliyomaliza ng'ombe. Kirusi chake ni ndugu wa kirusi cha surua. Mara ya mwisho kilionekana mwaka wa 2001, kwa nyati wa mbuga ya Meru hapa Kenya. Mwaka wa 2011 ulimwengu ulitangaza kuwa sotoka imekwisha kabisa, kwa sababu ng'ombe walichanjwa. Ikiwa tuliweza kwa ng'ombe, basi hata watoto wetu wanastahili.