Alama Zilizogongwa Katika Ukarabati wa Bunduki za Upepo

Muhuri wa chuma unapogongwa juu ya mtutu hauchongi metali bali huikandamiza. Metali husukumwa kando na kuacha kingo zilizoinuka, ilhali ile iliyo chini ya shimo hubanwa ikawa ngumu kuliko ya pembeni. Hivyo fundi anayesugua kwa tupa na msasa hadi herufi zisionekane hajaimaliza alama: dawa ya kutia weusi huweza kushika tofauti mahali hapo, na tindikali ya maabara za uchunguzi wa jinai huweza kuifichua tena. Kinachosawazishwa bila hasara kubwa ni kingo tu.

Nchini Ujerumani suala hili lina uzito wa kisheria. Herufi F ndani ya pembetano huthibitisha kwamba nishati ya risasi haizidi jouli 7.5, kwa hiyo mtu mzima huinunua bunduki hiyo bila kibali. Alama ikifutwa, uthibitisho hutoweka hata kama springi haikuguswa (bunduki zilizouzwa kabla ya 1970 ni habari nyingine). Fundi mwangalifu huuzungusha msasa kando ya alama, akavumilia mng'aro usiolingana.